Shoka Lililoliwa na Kutu: Kulifufua, Kulitia Mpini na Kulinoa

Shoka la mama mkwe wangu lilikaa stoo, huku Muheza, misimu mitatu ya mvua, limeegemezwa kwenye mifuko ya mbolea ya chumvichumvi. Nilipolitoa lilikuwa na rangi ya kichuguu, makali yana mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza, na mpini mchwa wameula hadi ukiubonyeza kidole kinazama. Jirani aliyekuwa anapita alinishauri nilipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu. Nikalikwangua kisogoni kwa ncha ya msumari, ikatokea namba: 3½. Hizo ni ratili tatu na nusu, kama kilo 1.6 za chuma. Kichwa cha kazi kamili. Sikulipeleka.

Kutu ya namna ile inatisha macho, lakini aghalabu imekula juu tu. Chuma kikipata unyevu na hewa huota kutu, na chumvi huharakisha mambo, ndiyo maana shoka la Tanga mjini huchakaa upesi kuliko la Dodoma, na lililolala karibu na mbolea huchakaa kuliko yote. Kutu nayo hufura ikachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi gamba nene linaweza kuwa limetokana na chuma kidogo sana. Nimetengeneza mashoka ya kutosha kujua kwamba mengi hayauawi na kutu. Yanauawa na mtu anayeyafufua kwa pupa, kwa grinda, kwa moto, au kwa ndoo ya maji. Nitayasemea yote matatu kila yanapofika.

Kwanza: linastahili?

Usianze kusugua kabla hujalikagua. Ng'oa magamba makubwa kwa kisu kizee, kisha tazama sehemu tatu.

Tundu la mpini ndilo la kwanza. Watu wengi hugeuza shoka kuwa nyundo, wakagongea kabari za chuma kwa kisogo chake, na kuta za tundu hupasuka. Ufa mwembamba hauonekani kwa macho, lakini upo mtego wa zamani wa kuunasa: paka mafuta ya taa kuzunguka tundu, yaache nusu saa yapenye, yafute mpaka pawe pakavu kabisa, halafu pakaza unga wa chaki. Kaa ukitazama. Penye ufa mafuta yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Ukiuona mstari huo, shoka hilo limekwisha. Usimpe fundi wa kuchomelea aliunge, maana kichwa cha kilo moja na nusu kikiruka hewani hakichagui kichwa cha nani.

La pili ni ukingo. Vishimo vya kutu mashavuni havina neno, viache. Vishimo vilivyofika kwenye makali vitabidi viondoke, kwa hiyo pima kwa jicho utapoteza chuma kiasi gani. Milimita mbili tatu si kitu. Sentimita moja na nusu, hapo fikiria tena.

La tatu ni rangi. Ukikuta karibu na ukingo pana bluu au zambarau isiyofutika kwa kitambaa, kuna mtu alikutangulia na grinda.

Kuna jambo moja la pembeni. Ukirithi shoka la kale kweli, lililofuliwa na wahunzi kama wale wa Ufipa, waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe katika matanuru marefu ya udongo, liache kama lilivyo. Lipake mafuta, liweke pakavu, na chukua la dukani kwa ajili ya kuni.

Kutoa mpini wa zamani

Mpini ukiwa mzima na umekaza, usiuguse, rukia kutu moja kwa moja. Ukiwa umeoza, wengi hufanya lile walilowaona wazee wakifanya: kichwa motoni, mpini uungue, kazi imekwisha. Kazi imekwisha kweli, na shoka nalo limekwisha. Chuma cha makali kilipewa ugumu wake kwa joto, na joto hilohilo hukinyang'anya. Kikifika digrii 220 hivi hugeuka njano ya majani makavu, kwenye 260 kahawia, na kwenye 300 bluu. Makaa ya jikoni hupita hapo bila kujitahidi. Shoka lililolala motoni hubaki na umbo la shoka na roho ya bati.

Kata mpini kwa msumeno karibu na kichwa, kwa chini. Kipande kilichobaki ndani kimepanuliwa juu na kabari, kwa hiyo hakitoki kwa chini hata ukikipiga mpaka kesho. Kigonge kutoka chini kuelekea juu, ukitumia kipande cha nondo au mti mgumu unaoingia tunduni. Kikigoma, kitoboe matundu manne matano kwa drili, au kichokoe kwa patasi nyembamba, ugonge tena. La mama mkwe lilikuwa na misumari mitatu iliyogongelewa humo nyakati tofauti, kila mmoja ukiwa ni kumbukumbu ya siku kichwa kilipolegea. Nilimaliza jioni nzima kuing'oa.

Kutoa kutu

Njia ya kwanza ni mikono: brashi ya waya, msasa mkavu wa namba 80 kisha 120, na mafuta ya taa ya kulainishia. Lisugue, lilaze na mafuta ya taa usiku kucha, lisugue tena asubuhi. Kwa kutu ya kawaida hii inatosha.

Kwa kutu iliyoingia vishimoni, siki ndiyo dawa. Siki nyeupe ya dukani ina asidi kama asilimia 5, na lita mbili au tatu zinatosha ukipata chombo chembamba. Mimi hukata shingo ya dumu la lita 5 na kukisimamisha kichwa humo. Usitumie sufuria ya alumini, siki itaishambulia nayo. Kwanza osha kichwa kwa sabuni ya unga kitoke mafuta yote, la sivyo siki itakuwa inaogesha mafuta badala ya kutu. Kizame chote: kikichungulia nje, utakuta mstari umelika pale siki ilipokutana na hewa.

Baada ya saa chache utaona vipovu vidogo vikipanda na maji yakibadilika rangi. Kila baada ya saa sita hivi kitoe, kisugue kwa brashi, kirudishe. Saa 12 hadi 24 zinatosha. Usikisahau humo wiki nzima, maana siki ikimaliza kutu haijui kusimama, itaanza kutafuna chuma kizima. Wenye ndimu za kuozea shambani wanaweza kuzikamua, asidi yake inafanya kazi hiyohiyo, ila andaa ndoo na mikono isiyo na mikwaruzo.

Ukikitoa, kisuuze, kisha kitumbukize kwenye maji yenye magadi, kijiko kimoja kwa lita, ili kumaliza asidi iliyobaki vishimoni. Kisuuze tena, na hapo usiende kupokea simu. Chuma kilichotoka sikini ni uchi kabisa. Nimewahi kukiweka juu ya ukuta nikaenda kumpa mgeni kiti, niliporudi kimekwisha kupata vumbi la rangi ya chungwa. Kifute, kianike juani kipate moto, kipake mafuta kingali na joto.

Sasa kitazame kwa karibu. Siki hufichua jambo ambalo brashi haiwezi. Kwenye kichwa cha mama mkwe, kutoka ukingoni kwenda ndani kwa upana wa vidole viwili, chuma kilikuwa kijivu kilichokolea, kisha pakawa na mpaka wa mawimbimawimbi, na ng'ambo yake kijivu cheupe. Mpaka ule ndipo ugumu ulipoishia. Ukanda ule uliokolea ndiyo mali yako yote: ndani yake utanoa miaka na miaka, ukiumaliza unabaki na chuma cha kutengenezea bawaba. Si kila shoka huonyesha mstari ulio wazi hivyo, lakini ukiuonyeshwa, ushukuru na uukumbuke.

Tupa, na kisa cha grinda

Miaka kadhaa nyuma nilipeleka shoka langu jingine kwenye kibanda kimoja cha kuchomelea. Dakika tatu tu, cheche zikiruka hadi barabarani, likarudi linang'aa kama kijiko cha harusi. Ukingoni palikuwa na mstari mwembamba wa bluu, nami mjinga nikauona kama pambo. Jumamosi ile nikaligongesha kwenye kifundo cha mwarobaini, na makali yakajikunja kama mfuniko wa kopo la maziwa. Nikanoa, yakajikunja. Nilipiga tupa wiki mbili mpaka nikavuka ile sehemu iliyoungua na kukuta chuma kigumu. Ukingo ni mwembamba, hauna pa kupelekea joto, na jiwe la grinda huufikisha kwenye bluu kabla hujapepesa. Kufuta ile rangi kwa msasa hakurudishi kitu.

Kwa hiyo tupa. Fundi wa kunoa anayepita mitaani na baiskeli yake ana afadhali, kwa sababu jiwe lake huzunguka kwa nguvu ya miguu, lakini mwambie achovye shoka majini kila mara, na ukigusa chuma kisiwe na moto usioweza kuuvumilia kidoleni.

Nunua tupa bapa ya inchi 10 au 12, mpya. Tupa iliyolala na misumari kwenye sanduku imekufa, itateleza tu utadhani chuma ni kigumu kupita kiasi. Ivishe mpini wake wa mti. Mkia wa tupa ni mwiba, ukikwama ghafla unaingia kiganjani. Ipake chaki menoni ili unga wa chuma usigande, na isugue kwa brashi ya waya kila baada ya dakika chache. Vaa glavu nene, na toboa kipande cha ngozi au raba ya tairi, ukivike kwenye tupa mbele ya mkono kama ngao.

Bana kichwa kwenye jiliwa, ukingo ukutazame. Asiye na jiliwa akilaze juu ya gogo na kukizungushia misumari mirefu minne kisiweze kuhama. Kama kinatikisika hata kidogo, simama urekebishe.

Anza na mapengo. Piga tupa ikielekea ukingo moja kwa moja kana kwamba unataka kulifanya shoka butu, na kweli unalifanya butu, mpaka pengo la mwisho lipotee na ukingo uwe upinde mmoja laini. Watu huliruka hili kwa uroho wa chuma, wakanoa pembeni mwa kila pengo, wakaishia na ukingo wenye mabonde. Tahadhari pia na katikati: mkono hupenda kukaa hapo, na baada ya miaka upinde hugeuka bonde. Pembe mbili za shoka ziwe nyuma kidogo ya katikati, zisitangulie.

Halafu pembe ya makali. Chukua kipande cha boksi, uhakikishe kona yake ni mraba, yaani digrii 90. Ikunje kona hiyo igawanyike sehemu tatu zilizo sawa: kila sehemu ni digrii 30. Kata pengo la pembe hiyo kwenye kipande kingine, na hicho ndicho kipimo chako, utakivika ukingoni kuona kama umefika. Digrii 30 kwa mashavu yote mawili pamoja ni nzuri kwa kuchanja kuni ngumu kama mchungwa, mwarobaini na mkwaju. La kukatia miti laini linaweza kushuka hadi 25. Chini ya hapo utanyolea ndevu, lakini kifundo cha kwanza kitaondoka na kipande.

Paka ukingo masizi ya chini ya sufuria, au wino wa kalamu ya maka. Sukuma tupa kutoka ukingoni kuelekea shavuni, kwa mkazo, kwa mshazari, ukitembea kutoka pembe hadi pembe. Ukirudi, inyanyue. Meno ya tupa hukata yakienda tu, ukiyakokota kinyume unayavunja. Baada ya mipigo kumi tazama masizi: palipong'aa ndipo tupa ilipogusa, palipo peusi bado. Mara nyingi utashangaa kwamba ulidhani unanoa ukingo kumbe unasugua shavu.

Shavu lenyewe lisiwe bapa kama patasi. Liwe na tumbo kidogo, kama kokwa la embe. Tumbo hilo ndilo linalosukuma kuni pande mbili na kuliachia shoka litoke. Shoka lililonyooshwa mashavu huzama na kung'ang'ania, utabaki unalitikisa kama jino bovu. Basi ukishapata pembe ukingoni, legeza mkono pole pole na upunguze bega lililo nyuma yake, mpaka kusiwe na mstari mkali kati ya makali na shavu.

Hesabu mipigo, upande huu sawa na upande ule. Sikiliza pia. Tupa kwenye chuma kizuri hutoa sauti kavu na huuma kwa shida kidogo. Ikizama kama kwenye jembe la bei ya chini, chuma ni laini: ama kiliungua, ama kilitoka hivyo kiwandani. Hilo ni la kumpelekea mhunzi anayejua kukipa moto na kukipoza upya, na wapo, hasa wanaofua mapanga kutoka kwenye springi za magari.

Kinoo

Tupa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo ni meno yatakayovunjika. Chukua kinoo cha nyuso mbili, kikwaruzo na laini, kiloweshe maji. Shoka litulie, kinoo kitembee: kishike kwa ncha za vidole, vidole vikae nyuma ya ukingo, ukizungushe duara dogodogo kutoka pembe hadi pembe. Endelea mpaka, ukipitisha kidole upande wa pili kutoka shavuni kwenda nje, uhisi kinywele cha chuma kilichojikunja ukingo mzima. Kinywele hicho ni ushahidi kwamba umefika mwisho kabisa wa chuma. Geuza, fanya upande ule. Kisha uso laini, mkono mwepesi, ukibadilishana pande mara kwa mara mpaka kinywele kikatike. Malizia kwa kulivuta juu ya mkanda wa ngozi, kisogo kikitangulia, mara ishirini hivi kila upande.

Kupima makali, usipitishe kidole gumba juu ya ukingo, hata kama umewaona mafundi wakifanya. Lielekeze shoka kwenye mwanga. Ukingo butu huonekana kama uzi mweupe, ukingo mkali hauonekani kabisa. Penye nukta nyeupe rudi na kinoo. Kwa kujiridhisha kata karatasi ya daftari iliyoning'inia.

Mpini

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu, maana shoka lisilo mpini halichanji kuni, na lenye mpini mbaya ni hatari kuliko lisilo nao.

Mti: mpera ni rafiki wa kila kaya, mgumu na wenye kunyumbuka. Mkole ni bora zaidi kwa waliokaribu na pori. Kwetu Muheza mchungwa uliokufa hautafutwi, na mti wake ni mzito, nyuzi zake zimebana. Mpingo ni mgumu, ndiyo, ila haunyumbuki na mshtuko wote utaupokea wewe kiwikoni. Msonobari usahau.

Usinunue ubao uliopasuliwa kwa msumeno. Pasua gogo kwa kabari ili nyuzi zijifuate zenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu chonga kwa tezo au panga. Nyuzi zinazokatiza mpini kwa mshazari ndiko utakakovunjikia. Kisha ukauke. Mpini mbichi uliokaza leo utalegea mwezi ujao, na hili ndilo linalozaa ule ugonjwa wa kuloweka shoka kwenye ndoo kila asubuhi. Maji huvimbisha mti, mti unajibana dhidi ya chuma na kujiponda nyuzi, na ukikauka unasinyaa kuliko ulivyokuwa jana. Kesho ndoo tena, keshokutwa msumari. Wazee waliweka mipini darini juu ya moto wa jikoni miezi kadhaa, ikawa myeusi kwa moshi na mikavu kama mfupa, wala mdudu haigusi. Sijaona njia iliyo bora.

Urefu hupimwa kwa mtumiaji. Kwa kichwa cha ratili tatu na nusu, sentimita 75 hadi 90 ni kawaida. Simamisha mpini kando ya mguu wa atakayelitumia: ukifika nyongani mwake unatosha. Mkato wa mpini uwe yai, si duara, ili mkono ujue makali yanatazama wapi bila macho kuuliza.

Chonga kichwa cha mpini hadi kiingie tunduni kwa kubanwa. Chomeka, chomoa, tazama masizi au kutu ilipoacha alama, kwangua hapo tu kwa kigae cha chupa, rudia. Safari kumi na tano si nyingi. Kabla ya kuchomeka mara ya mwisho, pasua ufa wa kabari kwa msumeno kufuata urefu wa tundu, kina chake theluthi mbili ya tundu.

Sasa ujanja unaowashangaza watoto. Usigonge kichwa kwenye mpini. Shika mpini hewani, shoka likining'inia kwa chini, na upige kitako cha mpini kwa nyundo ya mti. Chuma ni kizito, kinakataa kusogea, mpini ndio unaozama ndani yake, kila pigo milimita chache. Endelea hadi sauti ibadilike iwe kavu na mpini utokeze upande wa pili kama milimita tano. Lenga kwa jicho kutoka kitakoni: makali na mpini viwe mstari mmoja.

Gongea kabari ya mti mgumu na mkavu, mwembamba na mrefu, mpaka ikatae. Kata kinachozidi, ila acha zile milimita chache zilizotokeza, zinafura kama kofia na kuzuia kichwa kisiruke. Gundi haihitajiki.

Lainisha kwa msasa, paka mafuta ya kitani ukiyapata, mara tatu, kila mara ukiyaacha yanywewe. Vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke, usivikunje ukavitupa pembeni, maana mafuta hayo yakikauka hutoa joto na rundo la vitambaa linaweza kushika moto lenyewe. Usipake oili chafu ya gari: haikauki, inanuka, na haina kazi nzuri kwenye ngozi ya mtu. Vanishi nayo hutoa malengelenge mikononi.

Shoka la kienyeji

Kama lako ni lile ambalo mkia wa chuma unapenya rungu la mpini, mengi hapo juu kuhusu kabari hayakuhusu. Kila pigo hulikaza lenyewe, ndio uzuri wake. Ubovu wake huja pale tundu la rungu linapopanuka au kupasuka. Chonga mpini mpya wenye rungu la asili, pale tawi lilipokutana na shina au mzizi, nyuzi zikiwa zimesokotana. Anza tundu kwa drili ndogo, malizia kwa kulichoma na chuma chekundu chenye umbo la mkia. Tumia chuma kingine, usitie shoka lenyewe motoni. Liwe finyu kuliko unavyodhani.

Baada ya hapo

Futa, paka mafuta kidogo, lining'inize ukutani mbali na sakafu ya saruji na mbali kabisa na mbolea. Kata kipande cha tairi la baiskeli, kivishe makali, kifunge kwa mpira wa tyubu. Chanjia kuni juu ya gogo, kamwe si juu ya ardhi: jiwe moja dogo la mchangani hufuta saa mbili za tupa. Kinoo dakika tano kila baada ya siku ya kazi, na tupa hutaihitaji tena mwaka mzima.

Nililipeleka kwa mama mkwe Ijumaa jioni. Hakusema neno. Alikivua kile kipande cha tairi, akalielekeza kwenye jua, akafumba jicho moja. Kisha akaniita twende nyuma ya nyumba, ambako kulikuwa na kisiki cha mchungwa kilichowashinda vijana wawili. Pigo la kwanza likazama, la pili likakigawa vipande viwili, harufu ya chungwa ikajaa ua mzima.

“Mpini umeuchonga mfupi, baba,” akasema, akiligeuza mkononi. “Umepima kwa nani?”

Nilikuwa nimepima kwa mke wangu. Mama yake anampita kwa kichwa kizima.